Chupa Iliyobadilishwa Saa Nane

Jumanne, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mtoto wa tatu alifariki katika wodi ya watoto wachanga. Alikuwa na umri wa siku sita, na mama yake alikuwa hajaamua bado amwite nani. Ndani ya siku tisa walikuwa wameondoka watatu, wote kwa homa ileile. Kesho yake askari mpelelezi alimchukua msafishaji, mama wa makamo ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Deki. Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa ameandika maelezo kwamba mama huyo alipiga deki bila dawa ya kuua vijidudu.

Muuguzi mkuu huyo alikuwa dada wa toka nitoke wa fundi mmoja wa maabara ya hospitali hiyo. Mama yao alipofariki, dada akiwa na miaka kumi na tano, ndiye aliyebaki kumchana mdogo wake nywele, kumkagulia madaftari na kuhakikisha hakuna kitu kinachowaishia ndani ya nyumba. Sabuni ikikaribia kwisha, dada aliongeza maji, akaitikisa chupa, akamkonyeza mdogo wake. Walikuwa wakicheka kwamba sabuni ya kwao ina roho ya paka.

Sasa fundi alikuwa na wiki tatu tangu aanze kujifunza mashine ya kusoma vinasaba, na ugeni wa kazi ulimtoa jasho. Mkufunzi wake, mzee mpole asiye na haraka, alimweleza kwamba kila bakteria amebeba maandishi ya mamilioni ya herufi, lakini herufi zenyewe ni nne tu. Bakteria akijigawa, mara mojamoja hukosea herufi. Basi ukiwalinganisha wawili ukakuta wametofautiana herufi mbili tatu, wametoka chungu kimoja. Ukikuta maelfu, hawajuani.

"Aina ya bakteria pekee haitoshi," alimwambia. "Hata mwizi anaweza kuwa na jina kama langu."

Majibu ya damu ya watoto wote watatu yalitoka Alhamisi: bakteria wa aina moja. Ndoo ya Bi Deki nayo ilikutwa na aina hiyohiyo. Askari akasema kazi imekwisha. Mkufunzi akasema kazi haijaanza, akamkabidhi fundi sampuli zote nne azipitishe kwenye mashine.

Jumatatu saa nne asubuhi fundi alisoma majibu, akayasoma tena kwa sauti. Kati ya mtoto na mtoto, tofauti ilikuwa herufi moja au mbili. Kati ya watoto na ndoo, elfu kumi na moja. Bi Deki alikuwa amelala mahabusu siku zote hizo bure.

Sasa watoto hao walikutana na nini? Askari alitaja drip, lakini mtoto wa pili hakuwahi kuwekewa drip. Kilichowagusa wote watatu ni mikono ya wauguzi, na mikono hiyo ilinawa kwenye sinki moja, kwa chupa moja ya sabuni.

Saa sita fundi alikwenda wodini na njiti zake za pamba za kuchukulia sampuli. Chupa ilikuwa mpya kabisa, lebo inang'aa. Hapo ndipo moyo ulipomlipuka, kwa sababu katika hospitali ile hakuna anayetupa chupa. Wodi nyingine zote zilikuwa na chupa kuukuu zilizochubuka, zinazojazwa na kujazwa tena kutoka kwenye dumu. Alishuka stoo. Mtunza stoo akafungua daftari lake na kumwonyesha kwa kidole: chupa moja mpya, Jumanne, saa nane mchana, imechukuliwa na muuguzi mkuu.

Jumanne ile ile ya msiba. Na majibu ya damu yalikuja siku mbili baadaye. Fundi alikaa juu ya boksi la glavu.

Saa kumi alasiri aliingia ofisini kwa dada yake na kufunga mlango.

"Dada, chupa ya zamani iko wapi?"

"Ipi hiyo?"

"Uliyoibadilisha Jumanne saa nane. Siku hiyo hakuna aliyejua tunatafuta nini. Wewe ulijua nini?"

Dada alizipanga kalamu mezani, akazipangua. Kisha alisema yote, taratibu. Dumu la sabuni lilikuwa likichelewa, na kwa miezi miwili alikuwa akiongeza maji ya bomba kwenye chupa, kidogo kidogo, ili asiwepo muuguzi wa kumshika mtoto kwa mikono isiyo na sabuni. Jumanne alinawa ili amfunge yule mtoto sanda. Sabuni ilikuwa nyepesi, yenye harufu ya maji yaliyolala, yale yanayozaa vijidudu.

"Nilinusa mikono yangu," alisema. "Nikajua."

"Na Bi Deki?"

"Askari aliuliza nani anasafisha, nikamtaja. Halafu nikaongeza na lile la dawa. Sikuliona kwa macho yangu. Niliogopa."

"Ana siku sita mahabusu, dada."

"Najua. Nazihesabu. Umeshamwambia mtu?"

"Bado."

"Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekulea."

"Ndiyo maana nilijua pa kutafuta," fundi alisema, na machozi yakamtoka.

Dada alivua ufunguo shingoni, akafungua droo ya chini. Chupa ilikuwa imefungwa kwa mifuko miwili. Alisema ameifikisha jalalani mara tatu na mara zote akarudi nayo.

Alhamisi saa tatu asubuhi mashine ilitoa jibu: kati ya chupa na watoto, herufi moja. Mkufunzi alijitolea kuandika ripoti badala yake, lakini fundi alikataa. Aliandika mwenyewe chanzo ni nini, na nani aliyekuwa akiongeza maji. Dada alikuwa amekwishakwenda kituoni kwa miguu yake. Bi Deki aliachiwa adhuhuri, akapita getini bila kumtazama mtu.

Jioni fundi alifika nyumbani, akaenda moja kwa moja kunawa. Sabuni ilimteleza mikononi bila povu. Akainyanyua chupa kwenye mwanga na kukumbuka kwamba Jumapili, akiwaza mambo mengine, alikuwa ameiongezea maji na kuitikisa, kama alivyofundishwa. Aliimwaga yote kwenye sinki, akafungulia bomba, na akalia hapo aliposimama mpaka mwanawe alipokuja kumuuliza kulikoni.