Mtandao wa Nyumba Iliyoungua

Saa nane mchana, mshonaji akipinda gauni, simu yake iliingia yenyewe kwenye mtandao uitwao Nyumba ya Bibi. Nyumba hiyo ilikuwa katika mji mwingine, nayo iliteketea mwaka jana pamoja na ruta yake, pamoja na mama mzazi wa mshonaji.

Alimwita fundi wa mtandao. Fundi akachomoa ruta ya ukutani, lakini alama za Wi-Fi kwenye simu zikabaki zimejaa.

"Simu haijakosea, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Kila simu huita majina ya mitandao inayoikumbuka. Akijibu mwenye jina hilo na paswedi ileile, inaingia bila kukuuliza."

"Paswedi alikuwa nayo mama peke yake."

"Hakumpa mtu?"

Mshonaji akamweleza. Mama yake hakuwahi kumwandikia mtu. Kila mgeni alipoketi, aliitaja kwa sauti, herufi moja moja, hadi majirani wakamtania kwamba anawasomesha popo wa darini.

"Basi kulikuwa na kitu mle ndani kikisikiliza," fundi akasema, wala hakucheka.

"Mama, huku mtandao unashika vizuri zaidi," akaita binti yake wa miaka sita, ambaye alikuwa amechukua simu ya baba yake na kuuelekea mlango wa stoo, hatua kwa hatua, na kila hatua harufu ya mbao zilizoungua ikazidi, mpaka mshonaji akamrukia na kumvuta mkono.

"Futa jina hilo kwenye kila simu ya humu," fundi akanong'ona. "Ikibaki moja inayoliita, litaitikiwa."

Akafuta kwenye yake na ya mumewe. Ya tatu, ya zamani, ilikuwa kwenye droo ya cherehani. Jina lile mama yake alilichapa humo kwa kidole chake mwenyewe. Hiyo hakuigusa.

"Zimeisha?"

"Zimeisha, fundi."

Harufu ikatoweka. Fundi akaondoka. Mshonaji akafunga stoo kwa komeo, akarudi kwenye gauni lake.

Kabla hajamaliza pindo, droo ikatetema chini ya mkono wake. Akageuka: kiti cha mtoto kitupu, komeo limefunguliwa, na kutoka gizani mle stoo sauti ya marehemu mama yake ikitaja herufi moja moja, taratibu, kama kwa mgeni aliyekwisha kuketi, na baada ya kila herufi mtoto akiirudia.