Mpira Ndani ya Bomba

Mikono miwili ilishika pakiti moja. Ilikuwa pakiti ya mwisho ya washa za shaba, zile pete nyembamba za kubana maungio ya mabomba, na duka la vifaa lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni.

"Kaka, achia." Mwanamke alivaa gauni la kijani lililonyooshwa vizuri, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidonda vidogo vya moto.

"Dada, nimeshika kwanza."

"Umeshika karatasi. Mimi nimeshika washa."

Muuza duka akacheka. Mwanamume alikuwa fundi wa kuchomelea, shati lake limetobolewa na cheche. Akauliza washa zote hizo za kazi gani.

"Za kugeuza moshi wa kiwanda kuwa spiriti."

"Aa! Mimi nageuza mawe kuwa mikate."

"Njoo uone, halafu ndiyo ucheke."

Fundi akaenda. Nyuma ya kiwanda cha saruji, katika chumba cha mwanamke huyo, ambaye alikuwa mkemia, aliona bomba la chuma lililozungushiwa waya wa joto. Ndani mlikuwa na unga mweusi wa shaba. Hewa ya ukaa iliyonaswa kwenye dohani iliingia pamoja na haidrojeni, ikapita kwenye unga wa moto, na upande wa pili spiriti ikadondoka chupani, tone baada ya tone.

"Unga wenyewe hauishi," mkemia alisema. "Unazikutanisha hewa tu, zenyewe zinaoana."

"Kumbe ni mshenga!"

Tangu hapo simu hazikukoma.

"Moshi wangu, umekula?" fundi aliuliza.

"Nina bomba, sina tumbo."

"Basi nakuja na sahani mbili."

Kila jioni fundi alimkuta ameshika kichwa, na kila jioni mkemia alisema ni uchovu tu.

Siku ya wafadhili wa mradi kuja kukagua ikafika. Wasipoona spiriti, chumba kingegeuzwa stoo ya magunia. Fundi alisimama karibu na mlango katika shati jipya jeupe alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo. Chupa ikabaki kavu. Chumba kikanuka mpira ulioungua. Mkemia akafunga hewa, akasubiri bomba lipoe, akalifungua. Pale pa washa ya shaba palikuwa na kipande cha mpira, kimekatwa kwa uangalifu kutoka kwenye tyubu ya gari.

"Nani kaweka hiki?"

"Mimi," fundi akasema, tena kwa fahari. "Palikuwa panavuja."

"Mpira una salfa! Ukipata moto inatoka, na salfa inaua unga! Umeniulia mshenga!"

"Moshi wangu, nilitaka tu..."

"Nani alikuuliza? Rudi ukachomelee mageti!"

Wageni wakainamisha macho. Fundi akaweka spana mezani na kutoka. Mkemia akapewa wiki moja ya kujaribu tena.

Shangazi yake akapiga simu. "Unalia?"

"Silii! Nina hasira."

"Haya, basi hayo ni mafua."

Siku ya mwisho ya wiki hiyo, fundi mwenyewe akapiga.

"Sitaki pole yako," mkemia akasema.

"Nani kakupa pole? Nimekasirika! Nilisikia bomba linapumua, nawe kila jioni unashika kichwa. Mvuke wa spiriti unaovuja humo ni sumu, ulinifundisha mwenyewe. Ulijua panavuja?"

Mkemia akahamishia simu sikio la pili.

"Ulijua?"

"Nilijua. Ningesema, wafadhili wangekifunga chumba."

"Kwa hiyo ufe wewe, chumba kibaki?"

"Ungeniambia kabla hujagusa!"

"Ungekataa!"

"Ningekataa, ndiyo!" Akakata simu. Akapiga tena palepale. "Na usidhani nimemaliza."

"Njoo umalizie hapa. Niko mlangoni."

Alikuwa na washa za shaba alizozikata mwenyewe na kuzisugua hadi zikang'aa. Hakusalimia. Akaling'oa dirisha lililopigiliwa misumari, upepo ukaingia. Mkemia akajaza unga mpya. Fundi akabana maungio, akapaka povu la sabuni kuona kama kuna pa kuvuja.

"Hakuna."

"Paka tena."

"Nimepaka!"

"Nimesema tena!"

Joto likapanda. Walikaa wamepeana mgongo mpaka chupa ikalia, to. Mkemia akalitia tone kwenye kifuniko, akaliwasha. Mwali wa buluu, hafifu, karibu usionekane.

"Sijakusamehe," akasema.

"Wala mimi."

"Kesho nitawaambia wafadhili walewale kwamba palikuwa panavuja nikanyamaza. Wakitaka, wafunge. Na kwamba nilikutukana."

Fundi akafuta sabuni mikononi, kidole kimoja kimoja. "Nataka kukuoa."

"Katikati ya ugomvi?"

"Hasira hizi haziishi leo. Nami nimechoka kuja mpaka huku kila siku kugombana. Tukae nyumba moja tugombane vizuri."

Mkemia akaitazama washa iliyobaki mkononi mwa fundi. "Ukithubutu kunivalisha hiyo, nakufukuza."

"Hii ya bomba, bwana! Pete yako nitaileta kwa shangazi yako."

Kicheko kilimponyoka. Akakikamata, akakunja uso upya.

"Sawa, nimekubali. Ila siku ukigusa bomba langu bila kuniuliza..."

"Na wewe siku ukiumwa ukanyamaza..."

Hakuna aliyemaliza kitisho chake. Mkemia akasogeza kiti chake karibu na dirisha, akaacha nafasi ya kiti cha pili.