Rudisheni Jeneza

Christine alitoka na beseni la nguo mbichi, akafika kwenye kamba, akageuka, akarudi ndani. Kisha akatoka tena na beseni lile lile, kwa mwendo ule ule, akatabasamu mahali pale pale. Hakuanika hata nguo moja.

"Umesahau nini?" mumewe alimuuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Mimi? Si ndio natoka sasa, Baba Amoit."

Fidel Odeke hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa kujali vioo vya kamera, si watu. Malaba nzima hapakuwa na mpiga video aliyewadharau wenzake kama yeye. Mwenye kamera ya begani, Fidel alimwita fundi wa redio. Mwenye stendi ya miguu mitatu alimwita mzee wa mkongojo. Aliyerekodi kwa simu hakumpa jina. Alimtazama tu, akatema mate pembeni.

Hata Fridah, muuza kamera wa Busia, alionja dharau hiyo siku Fidel alipokwenda kununua lenzi.

"Kazi yako sana sana ni gani, boss?"

"Matanga na harusi."

"Basi chukua hii ya kuvuta. Unasimama mbali, unavuta karibu, husumbui mtu. Ongeza maikrofoni ya kubana kwa koti, na betri ya akiba."

"Ya kuvuta ni ya wavivu, dada. Nipe ile ya kioo kipana, ile inafanya vitu vya nyuma vipotee kama ukungu."

"Hiyo haivuti, lazima usongee mtu na miguu yako. Na fokasi ikiteleza kidogo tu, uso wote ni maji. Kwa matanga utafanya nini ikiteleza?"

"Wewe uza tu. Sanaa niachie mimi."

Akatoka dukani bila maikrofoni, bila stendi, bila betri ya akiba. Alikuwa na kioo kimoja na majivuno yake, na vyote viwili alivipangusa kila asubuhi.

Kazi ya kwanza ya kioo hicho ilikuwa mazishi ya Benedetta, bibi mmoja wa Amukura, aliyekuwa na dharau kuliko hata Fidel. Mgeni akiingia kwake, Benedetta alimtazama viatu kwanza, kisha uso, kisha akaguna. Mwanawe, Titus Eriaku, wakala wa forodha pale mpakani, alitaka video ya mama yake ifanane na sinema.

Fidel alisimama mlangoni, karibu mno, kwa sababu lenzi yake haikumruhusu kusimama mbali. Wabebaji walipovuka kizingiti, fokasi ilishika mwimo wa mlango, na jeneza likapita mbele ya kioo kama moshi.

"Simameni!" akapaza sauti. "Rudisheni ndani. Haijatokea vizuri. Tunachukua tena."

Vilio vilikatika. Katika ukoo ule maiti ikishavuka kizingiti hairudishwi ndani. Aliyetoka ametoka.

Mzee mmoja aliondoa mrija wa pombe mdomoni. "Kijana, unamrudisha nani?"

"Ni dakika kidogo tu, mzee. Hata marehemu angependa kuonekana smati."

Wachache walicheka. Titus aliinamisha kichwa, akafikiria video yake, akasema, "Rudisheni."

Likarudishwa, likatolewa tena, na safari hii likatokea vizuri ajabu. Ila wabebaji waliambiana chini chini kwamba lilipotoka mara ya pili lilikuwa jepesi.

Sasa Fidel alikuwa nyumbani akiihariri kazi hiyo, jua la mchana likiwaka juu ya bati, na harufu ya vanishi mbichi kama ya jeneza ikiwa imejaa sebuleni ingawa hapakuwa na ubao mpya popote. Akaifungua picha ya jeneza likitoka mara ya pili. Jeneza lilionekana safi. Nyuma yake mlango ulikuwa ukungu, kuta ukungu, watu ukungu, kama kioo kilivyoahidi. Lakini katikati ya ukungu huo, mle ndani chumbani, alisimama kikongwe aliyeonekana wazi mpaka nyuzi za leso yake. Alikuwa akimtazama mpiga video viatu.

Akaguna. Mguno haukutoka kwenye kompyuta. Ulitoka kwenye kiti kilichokuwa nyuma ya Fidel.

Tangu siku hiyo kila kitu nyumbani kilifanyika mara mbili. Mlango ulifungwa, ukafunguka, ukafungwa tena. Maji yaliyomiminwa kikombeni yalikutwa yamerudi birikani. Majirani walisema ni jini la mpakani, limeshuka kwenye lori. Fidel aliwacheka, akawaita washamba, akaenda kupangusa kioo chake.

Hakucheka zamu ilipomfikia Amoit, bintiye wa pekee, mtoto aliyekuwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Asubuhi alitoka kwenda shule, akafika kwenye lango, akageuka, akarudi ndani, akatoka, akaaga kwa sauti ile ile, "Kwaheri mama," akarudi, akatoka, na kila alipovuka kizingiti sauti kavu kutoka kwenye kiti kitupu ilisema, "Haijatokea vizuri," naye mtoto, huku machozi yakimtiririka na tabasamu likiwa limegandishwa usoni kama la mtu anayepigwa picha, aligeuka akaanza upya, mchana ukapanda, midomo yake ikakauka, nyayo zake zikaacha alama nyekundu sakafuni, na mama yake alipomkumbatia kwa nguvu zake zote alihisi mikono mingine, migumu na baridi, ikimnyofoa mtoto kifuani mwake na kumsimamisha tena mlangoni.

"Baba Amoit," Christine alinong'ona, "atakufa. Mtoto atakufa akitembea."

"Nifanye nini?"

"Si wewe ndio unajua kila kitu?"

Walimwita Petronilla, amuron, yaani mganga wa kike wa Kiteso, mwanamke mnene aliyekuja kwa bodaboda na rozari shingoni. Hakupiga ngoma wala kuchoma ubani. Alisimama uani, akasikiliza kiti kikiguna, akamgeukia Fidel.

"Hili si jini. Huyu ni mtu, na ni mgeni wako. Alikuwa ashatoka, ukamwita arudi. Ulidhani kifo ni mazoezi ya kwaya?"

"Mama, nisaidie."

"Sikusaidii wewe, uso kama kifuniko cha sufuria. Nasaidia mtoto."

Akaamuru ukatwe mgomba, ufungwe kwa shuka jeupe kama maiti. "Aliyemrudisha ndiye atamtoa. Utambeba peke yako, utavuka mlango mara moja, utaenda kumzika kando ya kaburi lake. Ukishatoka humu hurudi, na chochote chako kilicho ndani kinabaki ndani. Mwili wako wote ukae nje. Ukirudi, yeye pia anarudi, na hakutakuwa na mgomba tena. Atamvaa mtoto. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema kwa mdomo, si kwa pua."

"Nimesikia, mama."

Aliubeba. Ulikuwa mgomba tu, lakini alipofika kizingitini ulilemea kama wanawake wazee wa Amukura wote wamepanda juu yake. Akajikojolea mbele ya majirani aliowaita washamba, akavuka. Papo hapo Amoit alianguka mikononi mwa mama yake, akalala.

Mgomba ulizikwa. Kesho yake alasiri Fidel alirudi mpaka uani, akasimama chini ya dirisha. Mtoto bado alikuwa amelala, anapumua vizuri. Juu ya meza, karibu na dirisha, lenzi ilimetameta.

"Mama Amoit, nipitishie lenzi. Jumamosi kuna harusi Busia."

"Umesahau umeambiwa nini?"

"Ni kioo tu."

"Kama ni kioo tu, kibaki."

Christine akaenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni. Fidel aliutazama mlango, akakumbuka alichoambiwa. Lakini alijiona msomi, na msomi hakosi hoja. Mlango ni mlango, alijiambia, na dirisha ni dirisha. Miguu itabaki nje. Mkono si mtu.

Akaunyoosha mkono ndani mpaka begani, akipapasa meza iliyokuwa mbali kidogo kuliko alivyodhani, vidole vikitafuta kioo na kukosa, kwapa likikwaruzika kwenye fremu, harufu ya vanishi ikimjia puani taratibu, akaijua, naye bado akasukuma mbele kidogo, kidogo tu, hadi mtu fulani aliyekuwa ndani akaiokota lenzi na kuiweka kwa upole kwenye kiganja chake, akamfunga vidole kimoja kimoja.

Nyuma ya nyumba Christine alikuwa akivunja kuni.

Mlango ulifunguka. Amoit alitoka peku, akatazama viatu vya baba yake, kisha uso wake, akaguna. Kisha akageuka, akarudi ndani.