Upepo wa Ubavuni

Jumamosi ile soko la Bukoba lilikuwa limefurika. Edvina alipotoka kukabidhi sato kwa mama lishe, alikuta mwanamume amechuchumaa nyuma ya pikipiki yake, anapima kasha la samaki kwa futi ya fundi cherehani.

"Wee kaka! Hilo jeneza unampimia nani?"

Mwanamume aliinuka haraka, kalamu ikamdondoka. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooshwa kwa pasi, lakini magotini alijaa vumbi.

"Samahani, dada. Naitwa Ildefons, nafundisha fizikia hapa mjini. Napima uso wa pikipiki yako."

"Pikipiki nayo ina uso?"

"Upande unaopigwa na upepo. Kasha hili limesimama kama mlango. Injini inahangaika kulivuta, mafuta yanakwisha bure."

Edvina alimtazama vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa wa kutazamwa: koti la mvua la njano, gauni la kitenge juu ya suruali ya jinzi, buti za mpira, na hereni ndogo ambazo hakuzivua hata akibeba samaki. Tangu aanze kusafirisha sato kutoka Kemondo kwenda Bukoba na Muleba, wanaume wengi walikuwa wamemsimamisha. Huyu alisifu macho, yule alisifu mwendo. Mwalimu ndiye wa kwanza kuanza na kasha, tena kwa kulikosoa. Edvina akacheka mpaka akashikilia usukani.

"Haya waitu, ndugu yetu, nipime na mimi basi. Si napigwa na upepo huohuo?"

Mwalimu aliona haya, lakini alimpima mabega. Kisha akaomba namba ya simu. Ni kwa ajili ya utafiti, alisema.

Ildefons hakuwa na maabara ya kupimia magari. Alikuwa na chumba na sebule Buhembe, kompyuta ya mezani ya mtumba, na programu huria aliyoipakua bure mtandaoni. Humo alichora pikipiki, kasha na mwanamke mwenye mabega yaleyale, kisha akawapulizia upepo. Hesabu moja ilichukua saa kumi na nne, feni ya kompyuta ikiunguruma muda wote, na mwisho ikatoka picha ya rangi: nyekundu pale upepo unapopiga kwa nguvu, buluu pale palipotulia. Alimtumia Edvina, naye akapiga simu papo hapo.

"Mbona kifuani pangu pekundu hivi?"

"Ndipo upepo unapokupiga, mpenzi."

"Mpenzi? Tangu lini?"

"Tangu hesabu ya tatu."

Basi ikawa simu kila jioni. Umekula? Nasubiri hesabu iishe. Aa, hiyo kompyuta ndiyo mke mkubwa, mimi nitakuwa wa pili! Jumapili, baada ya misa, Edvina alikuja Buhembe na samaki na ndizi, akapika huku mwalimu akimwonyesha jinsi upepo unavyojikunja nyuma ya kasha. Hakuelewa yote. Alimpenda alivyong'aa macho akieleza.

Mwezi wa nne Ildefons alikata pipa la plastiki la buluu, akalipasha moto, akalikunja kuwa ngao ya mbele yenye mabawa mawili mapana ya kukinga miguu. Kompyuta ilisema ukinzani wa upepo umepungua kwa theluthi. Edvina alikimbia nayo siku mbili akifurahi, pikipiki imekuwa nyepesi.

Siku ya tatu, alasiri, kwenye mlima baada ya Kemondo, pale miti inapoisha na ziwa linapojitokeza kushoto, upepo ulimkuta ubavuni. Uliingia kwenye bawa, ukamtupa majanini pamoja na pikipiki. Sato walitapakaa. Goti lilichubuka vibaya.

Alifika kwao Muleba akichechemea, matope hadi kwenye hereni, na mama yake akampokea kwa vigelegele. Sebuleni baba yake alikuwa ameketi na Mzee Rutaihwa, baba mkubwa wa Ildefons. Kati yao palikuwa na kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, nao walikuwa wakitafuna kahawa kama watu waliokwisha kuelewana. Edvina alitoka nje akapiga simu.

"Ildefons, umetuma mshenga kwetu?"

"Nilitaka kukushtukiza, mpenzi wangu! Umefurahi?"

"Nimeanguka."

"Nini? Wapi? Umeumia?"

"Mlimani. Upepo wa ziwa umenitupa na mabawa yako. Kwenye hesabu zako uliuweka wapi?"

Ildefons akajibu kwa sauti ndogo: "Upepo wote niliuweka mbele."

"Miaka mitatu napita pale kila siku, na hukuniuliza hata mara moja. Na huyu mshenga, ulimuuliza nani? Tunaongea kila jioni, Ildefons. Kila jioni!"

"Niliona dalili zote, nikajua utakubali..."

"Hukujua. Ulinipigia hesabu kama pikipiki." Akakata simu. Baba yake, aliyesikia kila neno dirishani, alimwomba Mzee Rutaihwa kwa heshima arudi kwake na kibuyu chake.

Nami sitamtetea mwalimu. Wiki mbili alipiga simu, haikupokelewa. Alimpenda Edvina na alijua amemkosea, na yote mawili yalimnyima hamu ya kula. Edvina aliifungua ile ngao akaitupa migombani; mama yake akaiokota, akafunikia vifaranga. Lakini ikifika jioni Edvina aliitazama simu, akajikasirikia kwa kuitazama.

Shule zilipofungwa, mtu alionekana amesimama kwenye mlima ule na ufito mrefu uliofungwa nyuzi nyekundu za sufu. Siku ya kwanza Edvina alimpita. Siku ya pili alipunguza mwendo. Siku ya tatu alisimama.

"Mwalimu, unafukuza ndege?"

"Nachunguza upepo, ila hauniambii yote." Shati lake lilikuwa limekunjamana. "Edvina, hapa upepo unatoka wapi?"

Edvina alizima injini.

"Asubuhi unatoka migombani unashuka ziwani, huo hauna neno. Kuanzia saa saba unageuka, unapanda huku. Nikiona nyasi zile za chini zimelala, najiegemeza kushoto kabla haujafika."

Ildefons aliandika kila neno. Kisha akauliza kama goti limepona.

"Goti limepona."

Aliomba apande nyuma, akabanwa kati ya Edvina na kasha, ameshika ufito wa nyuzi zake juu, na kweli nyasi zilipolala zikapepea kulia zote. Wauza samaki wa Muleba waliwacheka walipofika na kushuka. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

"Mabawa nitayakata yote," Ildefons alisema. "Na nina swali la pili, lililopaswa kuwa la kwanza. Nakupenda. Unataka tuoane? Ukisema hapana, nitalipokea jibu hilo hivyohivyo."

Edvina alivua kofia ya pikipiki taratibu.

"Kompyuta yako huchukua muda gani kujibu?"

"Saa kumi na nne."

"Nami nipe hizohizo. Na usinipigie kuuliza imefika asilimia ngapi."

Asubuhi, Buhembe, kompyuta ilikuwa imezimwa na chai imepoa. Saa moja kamili simu iliita.

"Mwalimu, hesabu imeisha."

"Imetoka rangi gani?"

"Buluu tupu, mpenzi wangu. Mwambie Mzee Rutaihwa aje Jumapili baada ya misa. Kibuyu kiwe kipya."

Ildefons alitaka kusema atakuja naye, akajizuia, akauliza.

"Na mimi, nije naye?"

Edvina aliangua kicheko kikamjaa mwalimu sikioni.

"Umeona ilivyo rahisi? Njoo."