Kaptura Nyeusi ya Filimbi

Jioni ilipoingia, kama kawaida, Filimbi alipakua wali sahani tatu. Moja alimwekea binti yake, moja akaivuta kwake, na ya tatu akaifunika kwa mfuniko wa sufuria na kuisogeza ukingoni mwa meza.

Nyumba nzima walikuwa wawili tu. Sahani ya tatu ilikuwa ya mama. Zamani mama alichelewa kurudi kutoka kwenye kibanda chake cha ushonaji, akakuta chakula chake kimefunikwa. Mwaka jana aliugua siku chache tu, akafariki. Lakini mkono wa baba ulikuwa haujakubali. Kila jioni ulipakua tatu, na baba akishamaliza yake aliitazama ile iliyofunikwa, akashusha pumzi, akasema, "Chakula hakitupwi, mwanangu." Kisha akaila hadi punje ya mwisho.

Binti yake alikusanya sahani tupu, akaenda kuziosha.

Binti huyo aliitwa Sindano. Jina alipewa na mama yake, kwa kuwa alikuwa mwembamba na alijua kushona tangu miguu yake haijafika kwenye kanyagio la cherehani. Baba yake naye aliitwa Filimbi mtaa mzima, kwa sababu alikuwa refa. Siku za kazi alitengeneza redio na pasi mbovu, lakini Jumamosi, weee! Alivaa kaptura nyeusi aliyoshonewa na mkewe, akakimbia uwanja mzima mpaka wachezaji wenyewe wakaomba poo. Mama alisimama kando ya mstari na chupa ya maji, akimtania: "Kimbia, Baba Sindano! Kaptura hiyo sikuishona ikae!"

Tangu msiba, filimbi ilining'inia msumarini. Baba alishinda dukani amekaa, akarudi, akala sahani mbili, akalala. Akaanza kunenepa. Vile vidato vichache vya mlangoni vilimtoa jasho, na akivimaliza alishika ukuta kwanza, akihema.

Asubuhi moja kifungo cha suruali yake kiliruka, kikagonga kioo, ti! Sindano akacheka. Baba hakucheka. Alikaa kitandani, akakishika kiuno cha suruali kwa mikono miwili.

"Hata suruali zinanikimbia," alisema.

Siku hiyo hakwenda kazini. Alilala ameugeukia ukuta. Sindano aliingiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu yeyote: kwamba baba naye atamwacha.

Ndipo akafanya kosa ambalo mtoto wa mshonaji tu ndiye angeweza kulifanya. Alitoa gauni jeusi la mama, akakata kipande kirefu. Akafumua mshono wa nyuma wa suruali ya baba, nyeusi kama zake zote, akatia kipande hicho katikati, akashona kwa ustadi hata mtu asingejua. Kesho yake baba aliivaa, ikafunga. Akajipapasa kiuno, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Umeifanyaje?"

"Nimerudishia kifungo tu, baba."

"Kumbe bado nimo!"

Basi, uongo mmoja ukazaa mwingine. Kila suruali ilipoanza kubana, Sindano alisubiri baba aende kazini, akachukua mkasi. Gauni la mama likawa linapungua, baba anaongezeka, na suruali zikaendelea kumwambia kila asubuhi kwamba hakuna kilichobadilika.

Siku moja mwalimu wa michezo alimwita Sindano. "Refa wetu ameumia mguu. Mwambie Filimbi atuchezeshee mechi ya Ijumaa."

Baba aliposikia alisita, halafu akacheka kidogo. Alifungua sanduku ambalo halikuguswa tangu msiba, akatoa kaptura yake nyeusi. Hiyo ndiyo nguo pekee ambayo mkasi wa Sindano haukuifikia.

Kaptura iligoma mapajani. Baba akavuta, akabana pumzi, akavuta tena. Wapi!

"Ajabu hii," alisema. "Suruali zangu zote zinanienea. Mbona hii imekataa?"

Sindano alikuwa amesimama mlangoni. Ukweli ulimfika kooni. Kisha akauona uso wa baba ukianza kuinama kama siku ile ya kifungo, akaumeza.

"Kitambaa kimesinyaa, baba. Kimekaa sandukuni mno."

"Labda," baba akasema. "Nitavaa suruali. Mwili si ni ule ule?"

Kwa kuwa aliamini mwili ni ule ule, siku ya Ijumaa alikimbia kama zamani. Watoto walimshangilia. Sindano naye alipiga makofi, macho yake yakiwa kwenye suruali ya baba. Kipindi cha kwanza hakijaisha, mpira ukapigwa mbali, Filimbi akaukimbilia. Ghafla akashika kifua. Filimbi ikamtoka mdomoni, na yeye akaanguka katikati ya uwanja. Sindano alipiga ukelele, akakimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani mwake.

Mwalimu na wanaume wengine wawili walimbeba hadi zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Alipofungua macho, muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alikuwa akimpima presha.

"Iko juu sana, baba," muuguzi alisema. "Leo umepona. Siku nyingine sijui. Umenenepa lini kiasi hiki?"

"Mimi? Sijanenepa. Suruali hii naivaa miaka yote."

"Si kweli!" Sindano alilia. "Suruali inakudanganya, baba. Ni mimi! Nimezipanua zote. Niliogopa utahuzunika tena, halafu ufe kama mama!"

Baba alipeleka mkono mgongoni, akaupapasa mshono taratibu, akakigusa kile kitambaa.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye gauni la mama."

Baba alijifunika uso, akalia kwa sauti mbele ya muuguzi, bila kuona haya. Alipotulia alimweleza muuguzi habari ya sahani ya tatu, kisha akamvuta binti yake karibu.

"Mama yako angeniambia siku ile ile," alisema. "Angenicheka mpaka nikimbie."

Muuguzi alikuwa akikunja mpira wa kipimo chake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Nyie wawili mlikuwa mkifichana. Baba, wewe unaficha majonzi ndani ya sahani. Punguza chakula, anza kutembea polepole, na uje nikupime kila wiki. Mbio baadaye."

Jioni hiyo baba alipakua sahani mbili. Mkono ulikwenda kwenye ya tatu, ukaishika, ukabaki hapo kwa muda. Kisha akairudisha kabatini na kufunga mlango. Walikula kidogo wakalia sana, maana ilikuwa kama kumzika mama mara ya pili.

Wakaanza kutembea asubuhi. Mara ya kwanza walifika kwenye kona ya mtaa tu, baba akalalamika, "Jamani, hii miguu ni ya nani?" Muuza magazeti akamtania kwamba hata konokono amempita. Siku nyingine baba alikataa katakata kutoka kitandani, na Sindano akakaa kizingitini na viatu vyake mkononi mpaka baba akaona aibu akatoka. Miezi ikapita. Kila suruali ilipolegea, baba aliileta kwenye cherehani, akasema neno moja tu: "Punguza."

Sindano alifumua vile vipande kimoja kimoja. Gauni halikuweza kuwa gauni tena, na hilo lilimliza. Kwa vipande hivyo alishona mfuko mdogo wa kuwekea filimbi.

Shule ilipopata mechi nyingine, muuguzi alikwishampa Filimbi ruhusa. Baba alifungua sanduku, akavaa kaptura nyeusi. Kiuno kilifunga kwa taabu. Sindano alisimama kando ya mstari, pale pale alipokuwa akisimama mama, na chupa ya maji. Wakati wa mapumziko baba alimjia, akanywa, akautazama mstari kushoto na kulia, kana kwamba anamtafuta mama.

"Mwanangu," alisema, "ukimpenda mtu usimfiche lililo baya. Mwambie, halafu kaa naye wakati linamuuma. Mimi nilikuhitaji ukae nami, sikuhitaji suruali pana. Haya, kaptura inasemaje leo?"

Sindano aliitazama vizuri, kama mama alivyokuwa akiitazama kazi yake. Machozi yalimlenga, lakini hakuyumba.

"Bado inakubana kidogo, baba."

"Uniambie hivyo hivyo," baba alisema. Akamrudishia chupa, akapuliza filimbi, akarudi uwanjani akikimbia.