Koki Kumi na Nne za Mzee Aron

Kila asubuhi Kristina alimwagilia kitalu chake kabla ya kuwasha moto wa chai. Nyumba yake ilikuwa kijijini, katikati ya Njombe na Makambako. Mwaka huo kitalu kilikuwa na miche elfu moja na mia mbili ya parachichi. Yote aliibebesha kwa mkono wake, akiunganisha kila mche na kikonyo cha mti bora. Wakulima wa Mdandu walishaiagiza, wangeichukua mvua zikianza. Miche ikifika salama, binti yake Pendo angekwenda chuo cha uuguzi. Ikifa, Pendo angekaa nyumbani mwaka mwingine.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa bomba halikutoa maji.

Mumewe, Lukas, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Alipanda kilimani akarudi na matope hadi magotini.

"Bomba kubwa limepasuka," alisema. "Maji yanamwagika tu bondeni."

"Si ulifunge?"

"Nifunge wapi? Koki zote zimefukiwa. Anayezijua ni baba mdogo."

Baba mdogo ni Mzee Aron, fundi wa maji wa kijiji. Bomba lile alilitandaza yeye, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Alifukia koki kumi na nne ili watoto wasizichezee. Mahali pa kila moja alipaweka kichwani mwake. Siku hiyo alikuwa Makambako kwa binti yake aliyejifungua, na simu yake aliiacha kabatini, kama kawaida yake. Simu aliiona ni kitu cha nyumbani.

"Tuchimbe basi, tutazipata," alisema Kristina.

Lukas alimtazama kama amesema jambo la aibu.

"Tuchimbe mwenyewe hayupo? Watu watasema tunamzika akiwa hai."

Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyofikiri. Mzee hakuwahi kuulizwa koki ziko wapi. Kumuuliza kungekuwa kumwambia kwamba siku zake zimekwisha. Kwa hiyo wote walisubiri, kwa heshima kubwa, na maji yakaendelea kumwagika.

Kristina na Pendo walibeba ndoo kutoka bondeni siku tano. Hazikutosha. Miche ya upande wa juani ilianza kunyauka Alhamisi. Jumamosi Kristina aling'oa mia mbili na themanini iliyokauka. Alilia palepale kitaluni, na hakujificha.

Jirani yao Feliciana alimkuta hapo. Feliciana alifanya kazi masijala, chumba cha mafaili, katika ofisi moja mjini Njombe. Kila Jumamosi alirudi kijijini. Aliposikia habari, alimgeukia Lukas, ambaye naye alikuwa amefika.

"Faili la maji liko wapi?"

"Faili ni baba mdogo."

"Na msaidizi wake?"

"Hana."

"Akiugua?"

"Haugui," alisema Lukas. Kisha akaona mwenyewe jibu lilivyokuwa la ajabu.

Mzee Aron alirudi Jumapili. Alichukua jembe, akapiga majembe sita tu, akaipata koki na kuifunga, kisha akaunganisha bomba. Jioni maji yalirudi. Wanawake walipiga vigelegele, na mzee alifurahi waziwazi. Kristina hakupiga.

Kesho yake, kabla ya kupanda gari la Njombe, Feliciana alikwenda kwa mzee pamoja na Lukas.

"Kamwene, baba," Feliciana alimsalimia kwa Kibena.

"Kamwene, mwanangu. Kaa."

Feliciana hakuzunguka sana. "Baba, tunaomba koki zichorwe kwenye karatasi."

Uso wa mzee ulibadilika. "Mmeona nakufa?"

"Mimi mwezi wa saba nilikwenda likizo siku ishirini na nane. Kabla ya kuondoka niliandika kila kitu. Kabati gani lina faili gani, barua ipi haijajibiwa, ufunguo upo kwa nani. Tunaita hati ya makabidhiano. Hakuna aliyenililia."

"Na kazi yako alifanya nani?"

"Hilary, mwenzangu. Alifungua daftari, akaendelea."

"Ukarudi ukakuta kiti chako?"

"Nilikikuta. Kazi ni ya kiti, baba. Mimi nakikalia tu. Ndiyo maana naweza kuondoka."

Lukas aliingilia. "Dada, huo si ndio urasimu? Njoo kesho, lete nakala tatu, bosi yuko kikaoni?"

"Hayo ni magonjwa yake," alisema Feliciana. "Na kwetu yapo, siwezi kukataa. Faili likiwa na thamani kuliko mtu aliyesimama dirishani, ofisi imeoza. Lakini wenye kuufikiria urasimu walitaka kitu kingine. Kila kazi iwe na mwenyewe anayejulikana. Ajulikane aliye juu yake, wa kumuuliza. Kazi apewe anayeiweza, hata kama si ndugu. Kanuni ziandikwe, ziwe sawa kwa wote. Na yanayofanyika yaandikwe pia, ili mtu akiondoka kazi ibaki."

Mzee alikuwa bado anahesabu siku.

"Siku ishirini na nane," alisema. "Mimi tangu bomba lianze sijapata hata kumi. Binti yangu ananiomba nikae mpaka ubatizo wa mtoto. Nikamwambia maji yataniita."

Alikubali, lakini kwa shingo upande. Kamati ilimleta Esnath, mwanamke aliyesomea ufundi bomba chuoni. Miaka miwili alikuwa kijijini, na hakuna aliyemwita, kwa sababu hakuwa wa ukoo wa Aron. Walipanda kilimani wote, Kristina naye akafuata. Mzee alionyesha, Esnath alipima kwa futi na kuchora.

Koki nane zilikwenda haraka. Kwenye ya tisa mzee alisimama.

"Hapa palikuwa na mipaini mitatu. Koki iko chini ya ule wa kati."

Mipaini ilikuwa imekatwa mbao mwaka uliopita. Visiki viling'olewa, na shamba likalimwa viazi. Mzee alichimba, hakuna. Alisogea, akachimba tena. Shimo la tatu nalo halikuwa na kitu. Alianza kuhesabu hatua upya, akakosea, akaanza tena. Kristina alitazama pembeni, kwa sababu alimwonea huruma, na hasira yake yote ikamwisha.

Koki ilipatikana kwenye shimo la tano, na aliyelichimba alikuwa Lukas.

"Andika, mwanangu," mzee alimwambia Esnath. "Usiandike mti. Pima kutoka kwenye tangi la maji kule juu."

Mkutano wa kijiji ulipitisha kanuni za ukurasa mmoja. Mzee Aron aliandikwa fundi mkuu, Esnath fundi msaidizi mwenye mamlaka ya kufunga koki yoyote mkuu asipokuwepo. Taarifa ya bomba kupasuka hupewa Esnath au mwenyekiti, na hujibiwa siku hiyohiyo, mlalamikaji awe yeyote. Ramani moja ilikaa ofisi ya kijiji, nyingine kwa fundi.

Mwezi wa kumi na moja ulipoanza, mvua zilichelewa. Mzee alikuwa Makambako, likizo ya mwezi mzima, na safari hii simu alikwenda nayo. Alhamisi asubuhi bomba lilipasuka tena. Esnath alifunua ramani, akafunga koki ya sita, akaunganisha. Saa nane mchana Kristina alikuwa anamwagilia. Wiki iliyofuata mvua zilianza, wakulima wa Mdandu wakapakia miche mia tisa na ishirini, na Pendo akaanza kufungasha sanduku lake.

Lakini siku ile ile ya Alhamisi Lukas alimpigia baba yake mdogo.

"Baba, bomba lilipasuka asubuhi."

"Narudi sasa hivi!"

"Limeshatengenezwa. Maji yanatoka."



"Lukas."

"Naam, baba."

"Na mimi bado ni fundi mkuu?"

"Imeandikwa, baba," alisema Lukas. "Kaa ubatize mjukuu."