Enta Iliyoangukia Dirisha Jingine

Inspekta Gloria Mayige alipofika kituo kile cha afya mjini Bariadi, Jumanne asubuhi, Flora alikuwa ameshafunikwa shuka. Alijifungua salama alfajiri, kisha akavuja damu mpaka akakata roho. Damu ya kundi lake ilikuwemo kwenye jokofu la maabara. Ombi la damu hiyo lilitumwa kwa kompyuta, likafutwa papo hapo, kwa jina la Mektilda, muuguzi wa zamu.

Gloria akakifunga chumba cha wauguzi, ufunguo akautia mfukoni.

“Sijafuta kitu, afande,” Mektilda alilia. “Niliandika, nikabonyeza enta, nikamkimbilia mgonjwa.”

“Bundala, mume wa marehemu, aliwahi kukuposa?”

“Ng'ombe wa mahari walirudishwa miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo ndiyo nimuue mkewe?”

Hamimu wa maabara aliapa hakuona ombi lolote. Constantine, fundi aliyeutengeneza mfumo wa kompyuta wa maombi hayo, alitikisa kichwa kwa huzuni.

“Mashine haidanganyi, afande. Nipe ufunguo niikague ile ya wauguzi.”

“Baadaye.”

Gloria akaijaribu kompyuta ya maabara. Aliandika ombi. Kabla hajamaliza, dirisha dogo likaruka mbele: ombi hili limerudiwa, Futa au Acha? Enta aliyoikusudia kwa dirisha la kwanza ikaangukia hilo la pili, penye “Acha” iliyochaguliwa tayari. Ombi likabaki salama.

“Umeona?” alisema Constantine. “Naomba ule ufunguo, afande.”

Ameuomba mara mbili. Gloria akawaita wote, akafungua chumba cha wauguzi, akarudia yale yale. Dirisha likaruka vilevile. Akabonyeza enta. Ombi likatoweka.

Humu, iliyochaguliwa tayari ilikuwa “Futa”.

“Mfumo mmoja, kompyuta mbili, majibu mawili,” alisema Gloria. “Hamimu, nani ameigusa ya kwako leo?”

“Constantine. Kabla hujafika. Alisema anasafisha virusi.”

“Ulizirekebisha zote,” Gloria alimgeukia fundi, “isipokuwa hii niliyokufungia.”

Constantine akaketi bila kuambiwa.

“Niliiweka ‘Futa’ wakati wa majaribio, nisihangaike kuondoa maombi ya uongo. Nikasahau.”

“Nilikwambia!” Mektilda alipaza sauti. “Nilikwambia maombi yanapotea!”

“Nikakujibu utazame kioo kabla ya kubonyeza,” alisema fundi, macho chini. “Leo nilipoelewa… mkataba wangu ungekufa. Nikaona heri ulaumiwe wewe.”

Akafungwa pingu.

Nje, Bundala alikuwa amekaa kwenye benchi, kichanga kikilia mikononi mwa shangazi yake. Gloria akachuchumaa mbele ya Bundala, akamweleza pole pole: dirisha, kitufe, enta. Mektilda alisimama mlangoni, akisubiri.

Bundala alisikiliza mpaka mwisho.

“Mayu,” alimwambia Gloria, kwa Kisukuma kama amwitavyo mama, “nyumbani Mwamapalala wananisubiri. Hilo dirisha nitawaambia ni nini kwa Kisukuma?”

Gloria, Msukuma wa kuzaliwa, alitafuta neno, akalikosa.

“Basi,” alisema Bundala, akiinuka. Akamtazama Mektilda kwa muda mrefu. “Wao watasema ni yule wa ng'ombe waliorudishwa. Na mimi sitakuwa na la kuwajibu.”

Akampokea mwanawe, akaenda kuuliza atapewa maiti saa ngapi.